Mashuka Meupe ya Précieuse

Shemeji yangu Dorothée hulala mchana. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, na asubuhi anaposhuka kwenye metro hapa Hallonbergen, watu wengine ndio kwanza wanapanda. Hupita katikati yao polepole, mfuko wa mkate mkononi, kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Alikuwa mke wa marehemu kaka yangu. Tulitoka Butembo pamoja, tukakaa kambini Uganda, na kaka akafia huko kabla safari yetu ya kuja Sweden haijapatikana. Dorothée alikuja na mtoto mmoja mgongoni, Précieuse, na tangu hapo sijamwona akikaa mahali bila kutafuta pa kuegemeza kichwa. Tunaishi jengo moja, yeye ghorofa ya juu, mimi chini.

Précieuse alipokaribia kumaliza sekondari, sote tulijua ataenda Flemingsberg. Chuo kiko pale karibu na hospitali kubwa, treni inafika mlangoni, na ada hakuna. Wasichana wengi wa kwetu wamesomea uuguzi huko. Lakini yeye alikuwa amegundua chuo kingine, kidogo, cha Kikatoliki, Marekani, kilichoanzishwa na masista zamani. Huko mwanafunzi hasomei kazi moja. Anasoma falsafa, historia, dini, hesabu, hata habari za nyota, na baadaye ndipo anachagua njia yake. Ada ya mwaka mmoja ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa mama yake wa mwaka mzima.

Watu walimshangaa Dorothée. Nchi hii inasomesha bure, yeye anatafuta pa kulipia. Alijibu kwamba mtoto ameomba, na tangu azaliwe hajawahi kuomba kitu kikubwa.

Maombi yenyewe yalichukua majira yote ya baridi. Précieuse aliandika insha kwa Kiingereza, akaifuta, akaiandika tena. Walitaka karatasi za mshahara wa mama, walitaka barua za walimu, na kwa kuwa ni chuo cha dini walitaka pia barua ya padri anayemfahamu. Kisha wakamhoji kwa kompyuta, mezani jikoni, huku Dorothée amekaa pembeni asionekane, bado na nguo za kazini. Sista mmoja mzee alimuuliza kwa nini alipe kitu ambacho kwao ni bure. Précieuse akasema anataka darasa dogo, ambalo mwalimu atajua kama hukusoma. Dorothée hajui Kiingereza kingi, lakini jibu hilo alilielewa, na alinisimulia mara nyingi.

Walimkubali. Msaada wa chuo ulibeba zaidi ya nusu ya ada, mkopo wa serikali wa wanafunzi ungebeba sehemu nyingine, na kikabaki kiasi ambacho Dorothée alipaswa kukilipa kabla ya kiangazi. Alianza kuomba zamu za ziada. Akawa anaonekana nyumbani kama mgeni.

Sasa, kwetu padri haandiki barua ya msichana ovyo. Anaiandika anapoolewa, au anapokwenda kujitoa utawani. Mzee Léonidas, kiongozi wa kikundi chetu cha Misa ya Kiswahili, ni Mrundi mwenye moyo mzuri na masikio makali. Alisikia kwamba padri amemwandikia Précieuse barua, kwamba masista wa ng'ambo wamemkubali, na kwamba atasafiri. Mchumba hakuna. Basi akajumlisha mwenyewe. Jumapili hiyo, baada ya Misa, tukiwa ukumbini kwenye chai, alisimama akatangaza kwamba Mungu amekumbuka kikundi chetu, tumepata sista wa kwanza.

Vigelegele vikapigwa. Dorothée alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kikombe mkononi, amesimama huku karibu amelala. Baadaye aliniambia alisikia kila neno na alitaka kumsahihisha mzee watu wakishatulia. Lakini Valerie akamkumbatia na kulia begani mwake. Valerie ni mjane asiyejaliwa mtoto, na kwa miaka mingi ameombea kikundi kitoe sista hata mmoja. Utamwambiaje mtu kama huyo, akiwa ameshakulowanisha bega?

Kwetu msichana akienda utawani, Wakristo humfungia mzigo wa safari. Kila nyumba hutoa bahasha, na wanawake hushona mashuka meupe. Mimi siongei sana, kwa hiyo watu huniachia vitu wakiamini nitavinyamazia. Bahasha zikaanza kuletwa kwangu. Nilipopokea ya kwanza nilimtafuta Dorothée, nikamkuta chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo, mbele ya mashine inayozunguka, amefumba macho. Nilimuuliza tutafanyaje.

“Niache nilale kwanza, shemeji,” akasema.

Nikamwacha. Wiki ile akasema atazungumza Jumapili, na Jumapili ilipofika alikuwa kazini. Inayofuata pia. Bahasha zikaendelea kuja, na siku moja nikampelekea zote. Tulizifungua pamoja mezani. Kiasi kilichobaki cha ada kilikuwa pale, kimetimia. Dorothée alikihesabu tena, kisha akazirudisha fedha kila moja kwenye bahasha yake, jina kwa jina.

Mashuka yaliletwa na Valerie mwenyewe. Alikuwa ameyatarizi msalaba mdogo kwenye kila pembe. Précieuse aliporudi na kuyakuta kitandani mwake, aliuliza kwa Kiswidi ni nani amekufa.

Mama yake akamweleza yote. Nilikuwepo, nimekuja kurekebisha bawaba ya kabati, na sikujua pa kujificha. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya mashuka.

“Na nikirudi na mume?” akauliza.

Dorothée akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na tulipomwangalia tena alikuwa analia. Précieuse alisema hatakwenda kwa fedha hizo; kama ni lazima, atakwenda kanisani kuwaambia yeye mwenyewe.

“Wewe hukumdanganya mtu,” mama yake akajibu. “Mimi ndiye niliyenyamaza.”

Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa karibu. Dorothée aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo halifanyi, na Jumapili akaja na bahasha zote ndani ya mfuko wa mkate. Baada ya Misa alisimama penye meza ya chai. Hakutoa hotuba. Alisema Précieuse haendi utawani, anakwenda kusoma, kwamba barua ya padri ilikuwa ya shule, na kwamba yeye alijua wamekosea akakaa kimya kwa sababu alichoka na kwa sababu alizihitaji fedha hizo. Akaweka bahasha mezani.

Hakuna aliyezichukua. Kwetu, kilichotolewa hakichukuliwi tena, ni aibu kukunja mkono uliokwisha kutoa. Mzee Léonidas alisema hivyohivyo, akiangalia sakafu, na mimi niliona kwamba aibu ilikuwa imempata yeye kuliko wote.

Emery, dereva wa basi kutoka Bukavu, alijaribu kuchekesha. “Basi mahari bado ipo,” akasema. “Mimi nilishasikitika.”

Watu wakacheka, na kwa dakika hiyo nilifikiri yamekwisha. Lakini Valerie hakucheka.

“Mimi nilimpa Mungu, Mama Précieuse,” akasema. “Sikuipa shule.”

“Ndiyo maana nimekuja nayo, dada yangu,” Dorothée akajibu. Akaitafuta bahasha yake kati ya nyingine, akampa kwa mikono miwili. Ndiyo iliyokuwa nene kuliko zote.

Baada ya hapo wengine wakapata njia. Walikuja mmoja mmoja, wakichukua na kumshukuru Dorothée kana kwamba yeye ndiye aliyewapa. Emery aliisukuma ya kwake irudi katikati ya meza, na wengine wachache wakafanya hivyo, akiwemo Mzee Léonidas. Zilizobaki zilienea katika mfuko mmoja wa koti langu. Tulirudi na metro, na kabla ya kufika Hallonbergen Dorothée alikuwa amelala, kichwa chake kwenye bega la mtoto.

Fedha hazikutosha. Précieuse aliwaandikia masista ukweli wote, hata habari ya mashuka, na yule sista mzee akajibu kwamba wamecheka sana ofisini, na kwamba watamwekea nafasi yake na msaada wake kwa mwaka mmoja. Zaidi ya hapo hawezi kuahidi.

Kwa hiyo sasa anafanya kazi katika nyumba ileile ya wazee, zamu ya mchana. Mama anatoka, mtoto anaingia. Wanakutana mlangoni, Précieuse akiwa na mkate wa moto kwenye karatasi, na mama anampa habari za nani hakulala vizuri. Wanaweka akiba. Dorothée ananiambia haogopi fedha tena, anaogopa mtoto atachoka kama yeye na kusahau alitaka nini.

Tulipompelekea Valerie mashuka, aliyakataa. Alisema alimshonea mtoto, na mtoto bado yupo. Hakutualika kuketi, lakini aliuliza kama kule kuna baridi.

Dorothée anayalalia yeye, mchana, mapazia yamefungwa, na zamu yetu ya kufua ikifika ananiita nimsaidie kuyakunja, kwa sababu ni makubwa na yanataka watu wawili. Juzi tulikuwa chini tukikunja, kila mtu na ncha zake. Aliacha kukunja kidogo, shuka limening'inia kati yetu.

“Unadhani vitanda vya kule ni vya ukubwa huu?” akauliza.

Nikamwambia sijui. Akavuta upande wake, nami nikavuta wangu, tukachukua lingine.