Madonge ya Jumapili

Nilianza kumchukia mke wa kaka yangu siku mama alipomsifu kwa madonge. Ingekuwa chapati ningevumilia. Lakini madonge ya unga wa mtama na kunde, yale ya kuchemsha, ni chakula chetu cha Kitui, na huyu ni mtu wa ziwani, anayetoka Kisumu Ndogo kule Kibera na dagaa wa omena kwenye kikapu.

Mimi ndiye ninayeishi na mama hapa Kawangware 46. Mimi ndiye niliyempeleka kung'olewa magego. Madonge yangu hupasuka, na mama huyala kimya. Wifi alikaa kwenye kigoda Jumapili mbili tu, akafundishwa kukanda nusu ya unga kwa maji yanayochemka na nusu kwa maji baridi, basi yake yakatoka ya duara, imara, bila ufa. Mama aliyatafuna polepole mno, mkono shavuni. Nikajua anauvuta utamu usiishe. Kwa wivu nikaisukuma chai yangu kando.

Kwetu kuna sharti moja: madonge yakishaingia majini, mwiko usiyaguse mpaka yaelee yenyewe. Jumapili ya tatu wifi aliyatia sufuriani, akatoka kuchota maji bombani. Nikafunua, nikakoroga kwa nguvu zangu zote, nikafunika, nikarudi kuchambua majani ya sukuma kama mtu asiyejua lolote.

Aliporudi alikuta uji mzito. Akanitazama, akautazama mwiko uliokuwa bado unachuruzika. Alimwambia mama kwamba leo ameharibu, akaomba radhi, akapakua hivyo hivyo. Nilimsubiri mama akunje uso. Nilikuwa na furaha mbaya, siifichi.

Mama alimaliza bakuli, akaomba la pili. Nikagundua kwamba safari hii hakulishika shavu hata mara moja.

"Yale mengine yalikuwa yananiumiza, sikutaka tu kusema," alimwambia wifi. "Jumapili ukuje unipikie hii. Kila Jumapili."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe kaa hapo karibu uangalie vile anafanya."

Wifi alinisogezea kigoda, akanipa mwiko.