Dada Aliyeitwa Mvivu

Wiki iliyopita, katika hospitali moja mjini Moshi, daktari alichukua kalamu akamchorea dada yangu moyo wake.

"Mama, mshipa huu unaoulisha moyo umechomoza upande usio wake, tangu kuzaliwa kwako," alisema. "Unapita katikati ya mishipa miwili mikubwa. Ukikimbia, mshipa unabanwa. Damu haifiki vizuri, unaanguka."

Dada akamtazama. "Kwa hiyo sikuwa mvivu?"

Niliinamisha uso.

Rafiki yangu, utoto wetu kule Machame ulikuwa mtamu, sikudanganyi. Tulikata majani ya ng'ombe alfajiri, umande ukitulowesha magoti, na tuliporudi bibi alikuwa anaponda kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, moshi wa kuni ukitutoa machozi. Dada alinizidi miaka miwili. Hakuna mtoto kijijini aliyemshinda mbio.

Alipokuwa darasa la sita, tukifanya mazoezi ya mashindano, alishika kifua akaanguka kifudifudi. Mwalimu wa michezo akaagiza soksi ya mmoja wetu, ile chafu kuliko zote, akamsokomezea puani ili harufu imzindue. Uvundo ule ninao hadi leo. Dada alizinduka akitapika.

"Amka, mvivu wewe! Unaigiza!" Mwalimu akamchapa viboko viwili, kamasi na matapishi yakimchuruzika kidevuni, akamrudisha uwanjani. Hakumaliza hata nusu mzunguko.

Nyumbani, jirani akasema ni pepo. Akaleta kinyesi cha mbuzi, akakichoma, watu wa nyumbani wakamfunika dada blanketi avute ule moshi. Bibi peke yake ndiye aliyepinga: "Mtoto huyu anaanguka akikimbia tu. Ni pepo gani anayengoja mtu akimbie?" Lakini bibi hakusoma, nani angemsikiliza?

Na mimi? Niliungana na wenzangu kumzomea. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyomchukia mwalimu.

Dada aliacha kukimbia, na pengine ndiyo sababu yuko hai. Akajifunza kutembea polepole, macho chini, kama mtu mwenye kosa. Mwezi uliopita alizirai akipandisha mlima na mzigo wa majani, ndipo tukampeleka mjini. Sasa anasubiri upasuaji.

Uwanja ule haupo tena, wamejenga madarasa. Bibi alishafariki. Mwalimu naye tulimzika mwaka juzi, usharika mzima kanisani ukisimama kumsifu kwamba aliwalea watoto wetu.

Nilikuwa kwenye kwaya siku ile. Niliimba kwa sauti kubwa.