Kutema Mbele za Watu

Hadi leo harufu ya dawa ya meno inanitia kichefuchefu.

Miaka ile ya sabini tulikaa ughaibuni, kitongoji cha Hallunda, mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka saba, katika ghorofa zilizokuwa bado zinanuka saruji. Shuleni kwake, kila baada ya wiki mbili, alikuja mama mmoja na jagi la maji ya floraidi ya kukinga meno. Watoto walipanga mstari, wakasukutua, wakatema wote kwenye ndoo moja.

Siku moja binti alirudi akatapika kwenye zulia.

"Umekula nini?"

"Sijala. Nimemeza maji ya shule."

"Mbona hukutema?"

"Si mlisema kutema mate mbele za watu ni tabia mbaya?"

Mama yake akanigeukia. "Haya, mwalimu wa adabu, jibu."

Alikuwa akiyameza tangu muhula uanze.

Nilijitazama kwenye kioo. Meno yangu ni ya kahawia, yana madoa kama sufuria iliyoungua, kama ya wengi tuliokulia chini ya Mlima Meru. Maji ya chemchemi yetu yalikuwa baridi, matamu, mpaka leo nayatamani. Na ndiyo yaliyotuharibu, kwa floraidi hiyohiyo. Kila mji niliozurura nimecheka nikiwa nimeziba mdomo. Na meno ya ukubwani ya binti ndiyo kwanza yalikuwa yanaota.

Zamu ya darasa lake kusukutua ilipofika tena, nikaenda shuleni. Yule mama wa jagi alinitazama mdomoni kabla ya machoni.

"Kwenu hampigi mswaki?"

"Tunapiga. Ni hiyo floraidi, tuliinywa tangu utotoni. Na mwanangu anaimeza hii yako."

"Basi atoke kwenye mstari."

Binti aling'ang'ania koti langu. Tayari darasa zima lilikuwa linamkodolea macho.

"Nipe na mimi kikombe," nikasema.

Maji yalikuwa na ladha ya msumari wenye kutu. Ndani ya ndoo povu na ute wa watoto wa watu vilielea pamoja. Nikainama, nikatema, uzi wa mate ukaning'inia kidevuni.

"Usch!" darasa likapiga kelele.

"Baba, unatia kinyaa!"

"Najua. Sasa wewe. Yote, usibakize."

Akasukutua, akafumba macho, akatema. Yakaniangukia kwenye kiatu.

"Vizuri, mama," nikamwambia binti. "Tema tena."