Gita Iliyofukizwa Kama Kibuyu

Mimi majina sisahau. Mbuzi wa mama yangu kule Hadado nawajua mmoja mmoja mpaka leo, na mama zao pia. Kwa hiyo mjukuu wangu alipoanza kunifundisha gita, nilimwambia kamba sita ni kazi ya asubuhi moja. Nikazipa majina ya mawifi zangu sita. Hapa siyaandiki, maana wajukuu wao wanajua kusoma. Ile nyembamba kabisa, inayolia ukiigusa tu, kila ukoo una wifi wa namna hiyo.

Majina niliyashika siku hiyohiyo. Vidole ndivyo vilivyokataa shule.

Mjukuu wangu ni mwalimu, naishi naye hapa Garissa. Anachopenda ni muziki wa Wazungu wa kale, wa ala inayoitwa luti, yenye mgongo wa mviringo kama nusu ya tikitimaji, kama kaban, udi wetu Wasomali. Luti hana, gita anayo. Basi huilegeza kidogo kamba ya tatu, akafunga kibano shingoni, gita ikajifanya luti. Aliniambia kamba za zamani zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo. Hapo nikawaheshimu hao Wazungu.

Alinichagulia kipande kifupi cha wanaoanza. Akanichorea daftarini mistari sita, kila mstari ni kamba, na juu yake namba za kuniambia pa kubonyeza. Namba nazijua, kwenye gumbaru, shule ya watu wazima, nilifika mpaka hapo. Dole gumba hupiga polepole kamba nene, vidole vingine huimba kwenye nyembamba. Vyangu vilikuwa kama mbuzi kisimani: wote mara moja, au hakuna. Wiki tano sikufika mwisho bila kusimama. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliuliza kama tunagongelea kitanda.

Kisha barua ikaja: mjukuu amehamishiwa Takaba, aondoke Jumamosi. Gita ni yake, inakwenda naye. Nilitaka kitu kimoja tu, nimpigie kile kipande mara moja, mwanzo mpaka mwisho, kabla hajaenda. Umri wangu si wa kuahidiana mwaka ujao.

Ijumaa alikwenda sokoni kununua vitu vya safari, nami nikaitazama gita. Kitu cha mbao, kitupu ndani, kina mdomo, kinakwenda mbali, na hakijafukizwa! Kwetu kibuyu cha maziwa hakitoki nyumbani kabla ya kutiwa moshi, ndipo maziwa hayaharibiki. Nilidhani na sauti ni hivyohivyo. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikanyunyiza ubani, nikainamisha gita mdomo chini, vile mama alivyonifundisha.

Lakini kibuyu hakina kamba mdomoni. Pa! Wifi mwembamba. Pa! Wa pili. Wa tatu hakutaka kubaki nyuma.

Mjukuu aliporudi alinusa kutoka mlangoni.

"Ayeeyo, unapika nini?" Ayeeyo ndiyo bibi, kwa Kisomali.

"Gita."

Aliingia, akaona, akakaa chini na kujifunika uso kwa shela. Nikajua analia. Kumbe anacheka.

"Umeifukiza? Wallahi, umeifukiza?"

"Sasa haitaharibika njiani."

"Imeshaharibika, Ayeeyo!"

Nilimwomba msamaha. Kamba kama hizo mpaka ziagizwe Nairobi, na basi lake ni alfajiri. "Mimi nilitaka tu nikupigie kile kipande chako," nikasema. "Chote."

Akafuta mbao kwa ncha ya shela, akagusa kamba zilizobaki. "Tatu nene zipo," akasema. "Hizo ni za dole gumba. Wewe piga hizo, mimi nitaimba zilizokatika."

Nikaipakata gita. Bila wale mawifi watatu wa kelele, dole gumba langu lilitembea kama ngamia anayeijua njia ya kisima. Yeye akaimba juu yake, bila maneno. Nilifika mwisho. Nilishangaa kufika mpaka nikapiga mlio mmoja zaidi, usiokuwemo daftarini.

"Na huo ni wa nini?" akauliza.

"Mbuzi amepitiliza kisima."

Sasa yuko Takaba, kamba mpya amepata. Akinipigia simu husema walimu wenzake wanamuuliza mbona gita yake inanukia arusi.