Mlango Tulioufunga Mchana

Katika kambi yetu ya wafanyakazi, pale Likasi, hakuna aliyekula ndani. Nyumba za kampuni zilipangwa mistari mistari, kila moja na baraza yake ndogo ya saruji, na saa sita mchana kila mama alitoa bukari barazani, huo ugali wetu wa mahindi, akaweka mboga katikati, na kila aliyepita njiani aliitwa. "Kuya tukule!" Mpita njia alijibu, "Nilisha kula," hata kama tumbo lilikuwa linamnguruma, maana kukubali mara ya kwanza ni ulafi. Unamwita mara ya pili. Hapo anavua viatu, ananawa mikono, anakaa. Ndivyo tulivyolelewa. Aliyekula ndani na mlango umefungwa alisemwa kwamba ni mchawi.

Mimi nilikula ndani karibu mwaka mzima. Uchawi sikuwa nao. Nilikuwa na deni.

Deni lilitoka kwenye kilio. Baba mkwe wangu alipofariki, mume wangu ndiye aliyekuwa mwana wa kwanza, tena mfanyakazi wa kiwandani, na kwa macho ya ukoo mfanyakazi wa kampuni ana mfuko usio na mwisho. "Weye uko muntu wa kampuni," walimwambia, wakakaa mkekani kungoja chakula. Likanunuliwa jeneza la mbao nzuri. Likakodiwa lori la kupeleka maiti kijijini, upande wa Kakanda. Unga, samaki wa chumvi, bia kwa wazee, munkoyo, togwa yetu ya mahindi, kwa wanawake. Waombolezaji walikaa juma zima, na wengine wakaongeza la pili kwa sababu unga ulikuwa haujaisha. Mume wangu, mpole kupita kiasi, hakumwambia mtu hapana. Alikopa kwa wenzake wa zamu, akakopa kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni, na riba ya huyo wa sokoni nikiitaja leo wajukuu wangu hudhani natania.

Rehani aliyoitaka ni kadi yetu ya posho. Kila mwezi kampuni iliwapa wafanyakazi unga, maharage, mafuta na samaki kwa hesabu ya midomo iliyomo nyumbani, na mama wa nyumba ndiye aliyekwenda ghalani na kadi. Sasa nilikwenda na mfanyabiashara huyo pembeni yangu. Nilipanga mstari pamoja na jirani zangu, nikapokea, nikabeba hadi nje ya lango, na hapo yeye akapakia chake kwenye mkokoteni na kuniachia theluthi. Wanawake wote waliona. Miaka ile hakuna aliyekuita bibi, sote tulikuwa citoyenne, yaani raia, kwa amri ya serikali, na yeye alilitamka neno hilo kwa adabu ya kuudhi. "Pole, citoyenne. Deni haiozaka." Tukikosa kumlipa mwezi mmoja tu, alisema, angepeleka karatasi ofisini. Mtu aliyeachishwa kazi alitolewa kwenye nyumba pia, na sisi tulikuwa na watoto wanne.

Dawa ya deni ni kulipa. Nikajifunga kibwebwe.

Sukari ilitoka kwanza. Baiskeli ya mume wangu ikauzwa, akaanza kwenda zamu kwa miguu. Sabuni niliikata kwa kisu vipande vyembamba, kimoja kwa juma, na mafuta niliyapima kwa kifuniko cha chupa. Makaa niliyazima kwa majivu mara tu maji yakichemka, nikayaokota kesho yake. Kanisani sadaka yangu ikawa ngumi iliyofumbwa, ikiingia kwenye kikapu na kutoka vilevile. Bukari niliigawa kwa uzi. Nilinyoosha uzi mweusi wa kusukia nywele, nikakata nao ule mviringo wa bukari vipande sita vilivyo sawa kabisa, na mtoto aliyeinua macho kutafuta cha saba nilimwangalia mpaka akayashusha.

Nitasema jambo ambalo hata padri sijamwambia. Nilifurahia. Nilikuwa hodari. Mume wangu alikuwa amechana mfuko wa familia kwa upole wake, na mimi nilikuwa naushona kwa ukali wangu, na kila kitu nilichonyima mtu kilinipa raha kama ya kushinda. Watu wakifikiri ni shida iliyonifanya vile, nawaacha wafikiri. Shida ilikuwepo, lakini ukali ulikuwa wangu.

Lakini baraza ilinishinda. Huwezi kula barazani usiite mtu, na ukiita mara ya kwanza sharti uite mara ya pili, na akikaa, kipande chake kinatoka wapi? Nikahamishia chakula ndani. Nikafunga mlango. Niliwaambia watoto kwamba ni kwa sababu ya vumbi la kiwanda. Binti yangu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka kumi hivi, aliuliza kama zamani vumbi halikuwepo. Nikamtuma maji.

Kulikuwa na jambo la mwiko pia. Bukari ikiiva unagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ko, ko, ko, ili unga ulioganda udondoke, na mlio huo jirani wote wanaujua, ni tangazo kwamba chakula tayari. Mimi niliacha kugonga. Nilikwangua mwiko kwa kidole, ukiwa bado unaunguza.

Jumamosi moja tulitoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara za kambi, tukiwa tumechoka. Mume wangu alikuwa zamu ya mchana. Nilimwachia binti asonge bukari huku nikikaanga kipande cha samaki wa chumvi, cha kwanza kwa majuma mengi. Alisonga vizuri. Kisha, bila kufikiri, mkono wake ukafanya kama alivyoona mikono yote ikifanya tangu azaliwe: ko, ko, ko.

Nilimpokonya mwiko. Nikafunga mlango, nikaanza kukata kwa uzi.

Hapo tukasikia mtu anakohoa nje.

"Odi!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu. Tangu awe mjane alibaki kwenye shamba lake dogo njia ya Kambove, na mara mojamoja alipanda lori la mtu, au alitembea tu, kuja kutazama wajukuu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno machache. Yule marehemu tuliyekopa kumzika alikuwa mume wake. Ule unga wa juma la pili, sikumbuki kama yeye aliuonja.

"Odi, bana bangu!"

Watoto waliniangalia wote wanne. Mdogo alishafungua kinywa kuita "Nkambo!", ndivyo tunavyomwita bibi mzaa baba, na mimi nikaweka kidole mdomoni. Vipande vilikuwa sita, kimoja cha mume wangu atakaporudi. Samaki alikuwa mmoja. Nilifanya hesabu ile upesi sana, na hesabu ilitoka vilevile nilivyotaka itoke.

Alibisha mara ya tatu, polepole. Kisha tukasikia anakaa kwenye ngazi ya baraza, mifupa ikilia, na anashusha kitu chini. "Bon," alijisemea. "Nitangoja."

Na sisi tukala. Ningeweza kusema chakula hakikupita kooni, na wengi wangeandika hivyo. Kilipita. Tulikuwa na njaa. Tulikula bila kuongea, tukitafuna taratibu, na mgongo wake ulikuwa nyuma ya ubao wa mlango, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Mara moja mwiba ulimkaba mdogo, akakohoa, nikamziba mdomo kwa kiganja. Nje pumzi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Binti wa kwanza peke yake hakula. Alikaa mbele ya sahani akiuangalia mlango, nami nilimnong'oneza kwamba asipokula nitampa ndugu yake. Akala.

Nikasukuma vyombo chini ya kitanda. Nikavuruga nywele zangu kidogo kwa mkono, ndipo nikafungua, nikipiga miayo.

"Ah, mama! Kumbe ni weye. Tulilala, mama. Salongo ilituchokesha."

"Eeh," alisema. "Jua iko kali. Kulala ni muzuri."

Alinyoosha mikono kwa wajukuu, nao wakamwendea. Mdogo akampa mkono, na yeye kama kawaida yake aliuinua mkono ule hadi usoni, akaukandamiza kwenye shavu. Ulikuwa unanuka samaki. Niliona pua yake ikisimama pale. Aliushusha mkono taratibu, akaupapasa.

Nikasema, kwa sauti ya juu kidogo ili jirani asikie: "Mama, nikupikie bukari kidogo?"

"Nilisha kula."

Sikuita mara ya pili. Hilo ndilo, zaidi hata ya mlango. Alikuwa ametoka asubuhi kwenye njia ya Kambove, midomo imekauka, na mimi nililishika lile neno la adabu nikalichukua kama risiti. Aliniachia furushi la matembele na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye kitambaa, akaomba maji, akanywa, akaondoka kabla jua halijapoa. Binti alimsindikiza hadi lango la kambi. Aliporudi hakuniambia walichozungumza, wala sikuthubutu kuuliza.

Jioni mume wangu aliona viazi. "Mama alikuya?"

"Alikuya."

"Alikula?"

"Alisema alisha kula."

Akaridhika. Kila neno lilikuwa la kweli, na sijawahi kudanganya vibaya kuliko siku ile.

Tulimaliza deni. Nalisema bila fahari. Mfanyabiashara alinirudishia kadi ikiwa imechakaa pembeni, akanisifu, eti angependa wateja wote wawe na wake kama mimi. Nilirudi nyumbani na posho nzima, nikafungua mlango, nikafagia baraza, nikanunua kuku. Tukamwita mama mkwe. Alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Niligonga mwiko kwa nguvu, kambi nzima isikie, nikatandika mkeka, nikamnawisha mikono.

Hapana, sikumnawisha. Nilimletea beseni, akairudisha mikono mapajani.

"Kuya tukule, mama."

"Nilisha kula."

"Mama, kuya."

"Nilisha kula, mwana wangu."

Nikaita mara ya tatu. Mume wangu alicheka, akidhani mama yake anazidisha adabu. "Mama, ni kuku! Weye unapendaka kuku." Yeye akatabasamu, akasema watoto wale, wako katika kukua. Mume wangu akaacha kucheka. Alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, na sijui alielewa nini. Hakuniuliza kamwe. Mama mkwe alikunywa maji.

Ikawa hivyo miaka yote. Alikuja, alikaa nasi, alinisalimia vizuri, hakunisema kwa mtu. Hilo nalijua, maana angenisema ningesikia, kambi haina siri. Angenisema, ningepata la kujibu. Ningesema kuhusu kadi, na riba, na vipande sita. Hakunipa nafasi. Nyumbani kwangu hakuweka kitu kinywani ila maji.

Mwisho aliugua, hospitali ikamrudisha, na mume wangu akamleta kwetu. Hapo, nilifikiri, atakula tu, mgonjwa hana kiburi. Nilimpikia uji wa unga laini, nikautia sukari, sukari nyingi. Nilipoleta kijiko aliugeuza uso ukutani, bila hasira. "Nilisha kula, mama." Siku mbili hivyo. Midomo ilikuwa imempasuka.

Siku ya tatu binti yetu alirudi likizo kutoka shuleni Mulungwishi. Alikuwa msichana mkubwa sasa, ananipita kimo. Alinikuta nimesimama na bakuli mkononi. Alilichukua, akaingia chumbani kwa bibi yake, akanitazama kidogo, kisha akafunga mlango.

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Ilikuwa saa sita mchana, kina mama walikuwa wanaitana barazani. Nilisikia kijiko kikigusa bakuli. Nikasikia anameza. Nikasikia tena kijiko. Sikubisha, kwa haki ipi? Nilingoja wamalize.

Kisha sauti yake, dhaifu lakini naijua.

"Na mama yako? Alisha kula?"

"Bado, nkambo."

"Basi umuachiye kidogo."

Mlango ulipofunguliwa binti alinipa bakuli. Uji ulikuwa umebaki chini, vijiko vitatu au vinne. Niliula palepale kizingitini, umeshapoa.