Hedifoni za Baba

Juzi, dukani Mugumu, muuza redio alimwambia mteja kwamba hedifoni kubwa haziimbi vizuri kwenye simu peke yake; lazima zipate amplifaya ya kuzisukuma. Nikasikia tena harufu ya vumbi la mawe na ugali wa mtama, nyumbani Kewanja.

Baba alikuwa mtu wa karasha, ile mashine ya kupondea mawe. Alisaga mawe ya dhahabu tangu sijazaliwa. Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, alikaa kibarazani na hedifoni mpya alizonunua Sirari, akisikiliza litungu, zeze la kwetu, kwenye simu.

"Hazina sauti," alisema.

Baba mdogo akaziunganisha kwenye redio. "Bado," alisema Baba. Baba mdogo akaenda kuazima amplifaya ya kanisani, akachomeka waya, akazungusha kitufe. Nyuzi za litungu zikavuja nje ya hedifoni mpaka kuku wakatawanyika.

"Ongeza," alisema Baba.

Mimi nilidhani hedifoni za bei ni kama fahali, hazishibi upesi.

Mwishowe alizivua. Mama, aliyesimama mlangoni nyuma yake, akamwita, "Baba Bhoke, chakula tayari." Hakugeuka. Akamwita tena. Kwetu mwanamume asipomwitikia mkewe ujue amekasirika, na mke haiti mara ya tatu. Mama alirudi jikoni, akafunika ugali, akaninong'oneza, "Bhoke, tumemkosea nini?"

Leo najua hedifoni zilikuwa nzima. Kelele za karasha ndizo zilizokuwa zimekula masikio yake. Lakini siku ile tulinyamaza nyumba nzima, tusije tukamuudhi zaidi.