Mtihani Ambao Hakuna Aliyemlazimisha Rena Kuufanya

Jirani yangu Milo Pospisil ana ng'ombe mia nne na binti mmoja, na katika wote hao mwenye kichwa kigumu ni binti. Anaitwa Rena. Huku kwetu, kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, darasa lake la mwisho lilikuwa na wanafunzi sita, naye ndiye aliyeshika namba moja tangu chekechea.

Chuo alichokitaka kilisema wazi: matokeo ya mtihani wa kujiunga, ukipenda leta, usipopenda acha. Rena akajiandikisha.

"Hawautaki," Milo alimwambia siku wanatengeneza uzio. "We unajisumbua nini? Una A tupu."

"A za wapi, baba? Wa kwanza kati ya sita! Hata yule fahali wako kilema angeshika namba nne."

Milo akacheka. Binti hakucheka.

"Kule chuoni nani anaijua shule yetu? Nataka maswali yale yale wanayopewa watoto wa Chicago. Nikianguka, nijue nimeanguka."

Mahali pa karibu pa kufanyia palikuwa maili mia na sitini mashariki, mji ambao Milo huuza ng'ombe. Sasa hapo ndipo alipojikwaa. Saa za mji ule ziko mbele ya zetu kwa saa nzima, hilo kila mtu analijua. Lakini mnada wake huendeshwa kwa saa yetu sisi wafugaji. Miaka ishirini Milo amekwenda mnadani bila kugusa mshale wa saa. Basi Jumamosi ile ya Oktoba akaondoka alfajiri kwa mazoea yale yale, akipanga hata kula mayai njiani.

Zikiwa zimebaki maili sitini, simu ya Rena ikapata mtandao, ikaruka kutoka saa kumi na mbili na dakika kumi hadi saa moja na kumi.

"Baba! Mlango unafungwa saa mbili, saa yao!"

"Mungu wangu. Si mnada huwa..."

"Mimi si ng'ombe, baba. Kanyaga!"

Akakanyaga. Rena aliruka chini gari halijasimama vizuri. Mama wa mlangoni alikuwa ameshashika kitasa.

"Kitambulisho? Haya. Zimebaki dakika mbili, mwanangu. Pumua kwanza."

"Nitapumulia ndani."

Alitoka mchana, midomo imemkauka. "Hesabu zina vitu hatujawahi kufundishwa," akasema. "Vingine nimevimaliza."

Majibu yalipokuja, alama zake zilikuwa za katikati ukilinganisha na wanaopokelewa chuo kile. Milo akajikuna kichwa.

"Si ni hiari? Usiwapelekee."

"Nimeshatuma."

"Hata hukuniuliza!"

"Wa katikati ya maelfu, baba, si wa kwanza kati ya sita. Na Desemba narudi kuufanya tena, nizimalize zile hesabu."